Kimoja Wewe, Kimoja Mimi

9 Februari

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na binti yako, mpwa wangu, na kwamba chuo cha ualimu bado hakijamchosha. Huku kazini tumepata kiti kipya cha wagonjwa. Kinapanda na kushuka chenyewe, na daktari wa meno anakichezea kutwa nzima kama mtoto wa miaka minne. Mimi bado niko chumba cha nyuma na plasta yangu na nta yangu. Wiki iliyopita nilimtengenezea mwalimu mkuu mmoja mstaafu meno ya bandia, ya juu na ya chini. Aliyavaa, akajitazama kwenye kioo, akasema sasa anafanana na mke wake wa kwanza. Sikujua nicheke au nimpe pole.

Sasa jambo lenyewe. Kuna gazeti limeletwa pale wanaposubiri wagonjwa, na ndani yake mna makala ndefu juu ya ule mvinyo wetu. Unakumbuka, mwaka wa saba huu unaingia, tulivyogombana stendi mbele za watu kwa sababu ulinisikia nanuka pombe. Nikakutumia ule ukurasa uliosema glasi moja kwa siku inalinda moyo. Nilitaka tu uache kunisema. Wewe ukanijibu kwa amri: kama moja ni dawa, basi tutakunywa wote, saa moja jioni, kila mtu mahali alipo, kimoja wewe, kimoja mimi, na atakayezidisha aandike akiri. Ndipo nikatengeneza vikombe viwili kwa ile plastiki ya waridi ya kutengenezea fizi, kutoka kalibu moja, ili asiwepo wa kusema cha mwenzake ni kikubwa.

Basi makala hii mpya inasema wale wataalamu wa zamani walikosea. Walilinganisha wanaokunywa kidogo na wasiokunywa kabisa, wakaona wasiokunywa ndio wanaowahi kufa. Kumbe kati ya hao wasiokunywa walikuwamo watu walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Ni sawa na kusema kitanda kinaua kwa kuwa wengi hufia kitandani. Faida ya moyo, kama ipo, ni ndogo, na wenyewe bado wanabishana. Tena kuna hasara ambazo zamani hawakuzipa uzito.

Kwa hiyo nimeona nikuambie kwamba wewe unaweza kuacha. Hukuipenda ladha yake tangu mwanzo. Mimi nitaendelea na changu kama kawaida, usiwe na wasiwasi.

Nduguyo,
Kitinda

27 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa mvua pembeni lakini imesomeka. Sisi wazima. Mpwa wako amepelekwa mazoezi ya kufundisha, darasa la watoto sabini, na siku ya kwanza amerudi hana sauti, ananiomba chumvi kwa vidole. Kazini tunajalidi madaftari ya shule, rimu juu ya rimu. Mashine yangu ya kukatia unaijua: kisu hakishuki mpaka ubonyeze vitufe viwili kwa mikono miwili, ili mkono usisahaulike chini. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili na vidole vyangu vyote kumi ninavyo. Msimamizi amesema nitapewa cheti. Nimemwambia cheti abaki nacho, anipe kiti.

Umezunguka mbuyu weee, mpaka nikachoka kukufuata. Wewe acha, mimi nitaendelea. Mtoto niliyemlea kwa mikono yangu tangu ana miaka sita ndiye ananiletea ujanja wa kuazima. Nikuulize, mimi nilianza kunywa kwa ajili ya moyo wangu? Moyo wangu ulikuwa mzima na bado ni mzima. Nilianza kwa sababu baba naye alianza na kimoja, nikaona unaelekea alikoelekea, na kukuzuia siwezi kwa kuwa uko mbali. Nikasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Nisipoweza kumzuia, nitakaa naye.

Ndivyo ninavyofanya. Saa moja ikigonga naketi kwenye meza ya jikoni, najimiminia, naziba pua, nakunywa. Najua dakika hiyo hiyo nawe umenyanyua chako, na hutakijaza tena kwa kuwa mimi sikijazi. Hiyo ndiyo faida ninayoijua mimi, na wataalamu waendelee kubishana huko huko kwenye magazeti. Nikiacha mimi utakimbia kama ng'ombe aliyekata kamba. Siachi.

Ila umenitia shaka, na nina swali ambalo miaka yote hii sikukuuliza kwa sababu nilikuamini. Bado ni kimoja? Nijibu ndiyo au hapana. Neno moja linatosha, karatasi iliyobaki ijaze habari za meno.

Dadako

21 Machi

Dada,

Shikamoo. Unisamehe kwa kuchelewa, kazi zilinibana. Mpe mpwa wangu pole ya sauti, mwambie sabini ni wengi lakini hawapigi kelele wote kwa mpigo, atawazoea. Daktari wa meno amenipunguzia kazi ya kusaga. Anasema macho yangu yamechoka. Siku hizi kuna fundi mwingine anakuja Jumanne na Ijumaa kufanya zile kazi ndogo ndogo za karibu, na mimi nachanganya plasta. Si neno, plasta nayo ni kazi.

Mimi ni yule yule unayemjua, kwa hiyo tuyaache yangu. Nina la kukuuliza kuhusu mama. Nilikuwa mdogo, nikaambiwa amekufa kwa jipu, na tangu siku hiyo sikuwahi kumsikia mtu akilitaja tena. Jipu la wapi, Dada? Wewe ulikuwa na miaka kumi na minane, ndiye uliyekuwa ukimfulia.

Nauliza kwa sababu makala inasema kwa wanawake mambo ni tofauti, hata kwa hicho kimoja tu, hasa kama mama au dada aliwahi kuugua ugonjwa fulani. Sitaki kukutia hofu. Acha kwa mwezi mmoja tu. Sijawahi kukuomba kitu kama ninavyokuomba hiki.

Kitinda

4 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Mpwa wako amepata sauti na amepata pia chawa, vyote kutoka darasa moja. Jirani wa upande wa pili amehama, kwa hiyo sasa nasikia saa yangu ya ukutani.

Nilikuuliza neno moja, ukanijibu kwa plasta. Nimeliona hilo. Nimeliweka pembeni, sijalisahau.

Habari ya mama ni hii. Halikuwa jipu. Ilikuwa kansa ya titi, upande wa kulia, na alikaa nayo mwaka na nusu kabla hajamwonyesha mtu. Aliponionyesha mimi lilikuwa tayari limepasuka. Baba alisema watoto wasiambiwe, na mimi sikuhesabiwa kuwa mtoto, kwa hiyo niliambiwa nisiseme. Nguo alizokuwa akifungia nilizifua kwenye beseni la bati nyuma ya nyumba, nikizianika ndani ili majirani wasione. Nilikuambia jipu kwa sababu jipu mtoto analijua, linakuja na linapona. Halafu muda ukapita na sikuona pa kuanzia kukuambia tofauti.

Na kwa kuwa umeuliza, nami nikuambie. Nina kigumu titi la kushoto, kama kifungo cha koti. Hakiumi. Nilikigusa mara ya kwanza mwezi wa kumi na mbili nikioga, nikajitia hamnazo. Najua, najua. Mficha maradhi kilio kitamfichua, na mimi ndiye niliyekuwa nikikusomea methali hiyo ukiwa na meno yameoza. Alhamisi ijayo nimepewa ruhusa, nakwenda hospitali. Mpwa wako hajui, na usimwandikie.

Wataniuliza kama nakunywa, wanamuuliza kila mtu. Nimeutoa ukurasa wako ukutani. Niliubandika kwenye kadibodi na kuupiga gundi kama jalada la kitabu, bado ni mzima kabisa. Nitampa daktari ausome, aone kwamba mwenzake nakunywa kwa elimu, sinywi kihuni.

Na wewe usianze kulia. Kifungo tu.

Dadako

25 Aprili

Ndugu yangu,

Barua fupi. Walichukua kipande kwa sindano wakakipeleka maabara, na jana wameniita. Ndiyo yenyewe. Watalitoa titi tarehe 6 Mei. Nimemwambia mpwa wako, amelia, kisha akafua mashuka yote ya nyumba mpaka yale masafi.

Daktari aliusoma ukurasa wako mpaka chini. Halafu akaugeuza nyuma, akakuta kadibodi, akaniuliza mwisho wake uko wapi. Nikamwambia sijui.

Uko wapi?

Sijapata barua yako tangu Machi. Niandikie, hata kama ni ya meno.

Dada

16 Mei

Dada,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kuuliza umeamkaje. Mpwa wangu aliniletea ujumbe kwamba umetoka hospitali na unakula uji. Nilifurahi, halafu nikaona aibu kwa kufurahi nikiwa mbali. Barua zako za Aprili zilikaa mfuko wa aproni yangu wiki kadhaa. Kila siku nilikuwa najiambia nitaandika kesho nikiwa safi, na kesho yake sikuwa safi.

Mwisho wa ukurasa niliukata mimi. Kulikuwa na mistari tisa hivi pale chini. Ya kwanza ilisema mwanamke ambaye mama yake au dada yake aliwahi kuugua saratani ya titi amwone daktari kabla ya kuanza, kwa kuwa hata kiasi kidogo cha pombe huongeza hatari. Ya mwisho ilisema mtu asiyeweza kuishia glasi moja asianze kabisa. Mimi nilikuwa naikimbia hiyo ya mwisho. Nilijua ukiisoma tu utasema, huyu hapa ni wewe. Nikachukua mkasi nikaikata, na ile ya wanawake ikaenda nayo kwa sababu yote ilikuwa kwenye kisanduku kimoja.

Sikuwaza kabisa kwamba inakuhusu. Mama nilijua amekufa kwa jipu. Wewe hukuwa mtu wa kunywa, na ukurasa ulikuwa wa kunitetea mimi tu. Siku uliponiandikia kwamba tutakunywa wote wawili, nilicheka. Nilicheka peke yangu hapa kwenye meza ya kazi, Dada, nikaona ni mzaha mzuri, nikatengeneza vikombe. Ile mistari sikuikumbuka tena mpaka Februari hii niliposoma makala mpya na kukuta maneno yale yale. Ndipo nikaanza kukuomba uache. Nilitaka uache bila mimi kusema kwa nini.

Na swali lako. Hapana. Miezi mitatu ya kwanza nilishika, nakuapia kwamba hiyo mitatu ni ya kweli. Mwezi wa nne nilikijaza mara ya pili, siku moja ya mvua, bila sababu yoyote. Mwaka wa pili nilikuwa nimehamia kwenye chupa, na si mvinyo tena. Kikombe changu cha waridi nakitilia mswaki. Macho yangu hayajachoka, mikono ndiyo inatetemeka. Nimemharibia mama mmoja meno yake mara mbili, mara ya pili aliyashika mkononi, akayaacha mezani, akaondoka. Daktari wa meno anajua. Kila mtu huku anajua. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa hujui, na nilikuwa nakutunza usijue, kwa sababu ukijua sitabaki na mtu anayenidhani mzima.

Hicho kifungo nimekushonea mimi. Nakiri. Sikuombi msamaha kwa barua hii, nitauomba nikiwa na uso wa kuuomba. Leo sijanywa, na jana sikunywa.

Kitinda

3 Juni

Ndugu yangu,

Shikamoo yako nimeiona.

Nimechelewa kwa sababu mkono wa kushoto hauinuki vizuri na nilikuwa nahitaji kuishika karatasi isiteleze. Kidonda kinakauka. Mpwa wako ananifunga bandeji asubuhi kabla ya kwenda kazini na ananisemesha kama darasa lake, kaa wima, tazama mbele, vizuri. Kwenye mashine sitarudi, maana vitufe ni viwili na mkono wa kuaminika ni mmoja. Wamenipa kazi ya kuhesabu majalada mezani. Kile kiti nilichokuwa nakidai ndiyo nimekipata.

Nilimuuliza daktari swali lako kabla hujaliuliza. Ni mwanamke, mdogo kwangu, hana maneno mengi. Nikamuuliza, ni kile kikombe? Akasema kwa mwanamke mmoja hakuna anayejua. Ukiwaweka wanawake elfu wanaokunywa kimoja kila siku na elfu wasiokunywa, wataugua pande zote mbili, ila kwa wanaokunywa watazidi wachache. Mimi huenda niko kati ya hao wachache, huenda siko. Damu ya mama peke yake ingeweza kutosha. Nikamzunguka nikamuuliza kwa njia nyingine, kwa sababu nilitaka aseme hapana, ili nami nikuandikie hapana. Hakusema. Kwa hiyo nakuletea jibu kama nilivyopewa, na utaishi nalo kama mimi.

Kuhusu ukurasa, usijitwishe wote. Nilijua umekatwa. Nilijua siku ile ile ulipofika, mimi si mtu wa kufichwa karatasi iliyokatwa kwa mkasi, tena ulikwenda upogo. Nikasema kuna kitu anakionea aibu, akikomaa atasema mwenyewe. Sikukuuliza. Na kansa ya mama niliijua, nikakuambia jipu. Ungejua ya mama, labda mkasi ungesita. Ungeulizwa na mimi, labda ungesema. Hayo ni yetu wawili, na nikiyafikiria sikukasirikii zaidi ya ninavyojikasirikia.

Lile la pili, la kukijaza tena, ni lako peke yako, sikusaidii kulibeba. Nimelisoma mara nyingi kuliko majibu ya maabara. Kitinda, mimi sikuwa nakunywa mvinyo, nilikuwa nakaa na wewe. Shemeji yako alipoondoka na begi lake lile la kijani, niliketi jikoni nikajiambia hata hivyo saa moja nina mtu. Nilipokuwa na homa nilikunywa kwa kutapika, nikanywa tena, kwa kuogopa kwamba nikikosa jioni moja wewe utajua na utalegea. Mpwa wako alikuwa akinicheka, anasema mama anakwenda kanisani kwake. Nilikuwa hata nakusemesha. Nakuambia msimamizi kasema hivi, leo karatasi ilikuwa mbovu. Zaidi ya miaka sita nimezungumza na kiti. Ugonjwa naweza kuuelewa, ni wa mama, njia yake ilikuwa inajulikana. Hili sikulitazamia kutoka kwako, na linaniuma hata mahali ambapo hawakukata.

Sikuchukii. Nimejaribu siku mbili nikashindwa, nikaamua kula.

Lakini usiniandikie kwamba umeacha. Unasema jana hukunywa na leo hukunywa. Huenda ni kweli. Sina namna ya kujua, na kukuamini kwa barua nimekwisha. Uache kwa ajili ya mikono yako na kwa ajili ya yule mama aliyebaki bila meno, wala usiache kwa ajili yangu, maana kitu kilichofanywa kwa ajili yangu tumekwisha kuona kilivyokaa. Mimi nimekoma tangu siku ya sindano. Kuacha kulikuwa rahisi mno, na hilo nalo lilinitia uchungu.

Dawa ya mishipani naanza tarehe 12, kila baada ya wiki tatu, mara sita. Wanasema siku mbili tatu za baada yake sitaweza hata kusimama, kwa hiyo kuna fomu ya kujaza, jina la ndugu atakayekaa nami na wa kuitwa mambo yakiharibika. Muuguzi aliniuliza, una ndugu wa tumbo moja? Nikasema ninaye mmoja. Akaniuliza anaitwa nani, akasubiri na kalamu mkononi.

Nikataja jina la binti yangu.

Dadako